Laurenti wa Mto, Laurenti wa Kisiwa

Tarehe 10 Agosti 1500 nahodha wa Kireno, Diogo Dias, aliyetenganishwa na msafara wake kwa dhoruba kusini mwa Afrika, aliona nchi kavu asiyoitarajia. Kilikuwa kisiwa kikubwa mno, naye akakipa jina la São Lourenço. Tarehe 10 Agosti 1535 Mfaransa Jacques Cartier alitia nanga katika ghuba ndogo kaskazini mwa Amerika, akaiita Saint Laurent, jina ambalo baadaye lilihamia kwenye mto mkuu wa huko, St. Lawrence. Tarehe 10 Agosti 1728, kwa kalenda waliyoifuata Warusi wakati ule, Vitus Bering alifika kwenye kisiwa kilichopo baina ya Siberia na Alaska, nacho kikapewa jina lilelile. Mabaharia watatu waliotumwa na wafalme watatu, katika bahari tatu, wakamtaja mtakatifu mmoja.

Hakuna muujiza hapo. Tarehe 10 Agosti ni sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258 wakati Kaisari Valeriano alipowatesa Wakristo. Manahodha wa zama hizo walisafiri na kalenda ya Kanisa kama walivyosafiri na dira. Wakifika mahali wasipopajua, hutazama leo ni siku ya nani, wakaandika. Ndiyo sababu ramani ya dunia imejaa akina Mtakatifu Yohane, Mtakatifu Petro, Mtakatifu Helena na Mtakatifu Lusia, ilhali pengi kati ya mahali hapo hapajawahi kuwa na uhusiano wowote na watakatifu hao. Jimbo la Natal, Afrika Kusini, ambalo leo ni KwaZulu-Natal, lilipata jina kwa kuwa Vasco da Gama alipita pwani yake Krismasi ya mwaka 1497.

Ninachotaka kusema ni hiki. Jina la mtakatifu juu ya mto hutueleza kidogo sana kuhusu mtakatifu, na kuhusu mto halitwambii karibu chochote. Hutueleza siku aliyopita mgeni. Na ukiuliza kwa nini jina moja limedumu na jingine limekufa, jibu hulipati kwenye utakatifu wala uzuri wa jina. Utalipata ukiuliza nani alibaki pwani ile baada ya merikebu kung'oa nanga, na daftari lilibaki mkononi mwa nani.

Kumpa mtu jina kwa kufuata siku si jambo geni kwetu. Pwani nzima imejaa akina Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani na Ramadhani, na familia nyingi za Kikatoliki bara zimebatiza watoto kwa kuangalia somo wa siku waliyozaliwa. Ni desturi nzuri, na siioni kasoro. Lakini mtoto mchanga hana jina, na anayempa jina ni baba, bibi au shangazi, mtu atakayemlea na kumwita kila asubuhi. Mto ule wa Amerika haukuwa mchanga. Wamohawk waliuita, na wanauita hadi leo, Kaniatarowanenneh, yaani njia kubwa ya maji. Waalgonquin waliuita Magtogoek, njia inayotembea. Walikuwa wakivua humo, wakisafiri humo, wakipigana na kuoana kwenye kingo zake kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote wa Ulaya kujua kwamba upo.

Hebu tumtazame Cartier kwa karibu, kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri na zinasema mengi kuliko alivyokusudia.

Alifika mara ya kwanza mwaka 1534. Tarehe 24 Julai, kwenye rasi ya Gaspé, alisimamisha msalaba mkubwa wa mbao wenye ngao ya mfalme wa Ufaransa. Donnacona, mkuu wa watu wa Stadacona waliokuwa wamekuja kuvua hapo, alimfuata kwa mtumbwi akiwa amekasirika. Akaunyoshea msalaba kidole, kisha akazungusha mkono akionyesha nchi yote iliyowazunguka, kwa maana kwamba hii yote ni yetu, na hukupaswa kusimamisha kitu hiki bila ruhusa. Cartier aliandika jambo hili mwenyewe. Aliandika pia jibu alilotoa, kwamba msalaba ule ulikuwa alama tu ya kuongozea vyombo kuingia bandarini. Ulikuwa uongo, na yeye alijua ni uongo. Akaondoka na vijana wawili wa Donnacona, Domagaya na Taignoagny, akawapeleka Ufaransa.

Mwaka uliofuata alirudi nao, sasa wakijua Kifaransa kiasi cha kuongoza safari. Tarehe 10 Agosti, kwenye ufuko wa kaskazini, wakaingia katika ghuba ambayo Cartier anaisifu kuwa nzuri na kubwa, yenye visiwa vingi na maegesho salama. Hiyo ndiyo aliyoiita Saint Laurent. Ghuba tu. Siku chache mbele, vijana wale wawili walianza kuitambua nchi yao. Wakamwambia kwamba hapo ndipo unapoanza mto mkuu wa Hochelaga na njia ya kwenda Canada, kwamba kadiri unavyoupanda unazidi kuwa mwembamba na maji yake kuwa matamu, na kwamba hawajasikia mtu yeyote aliyefika mwisho wake. Cartier alilipokea jina hilo. Yeye mwenyewe hakuuita mto huo wa Mtakatifu Laurenti. Aliuita mto wa Hochelaga, au mto wa Canada, kama alivyoambiwa na waliokuwa wakimwonyesha njia.

Jina la ghuba lilikuja kukua baadaye, mbali na maji yenyewe, mikononi mwa waandishi na wachora ramani wa Ulaya. Kwanza lilisambaa hadi kwenye ghuba kuu ambamo mto unamwagika, kisha likapanda mtoni. Mfaransa mwingine, Samuel de Champlain, aliyefika mwanzoni mwa miaka ya 1600, naye akaja kuuita mto wa Mtakatifu Laurenti. Na ile ghuba ndogo yenye visiwa, iliyokuwa ya kwanza kuitwa hivyo, leo haina tena jina hilo.

Tena kuna mfano mwingine palepale unaoonyesha jinsi mambo haya yalivyokwenda kwa bahati. Siku tano baada ya ghuba ya Laurenti, tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Cartier alikipa jina la Kupalizwa kisiwa kikubwa kilicholala mbele ya mdomo wa mto. Kalenda ileile, kalamu ileile, safari ileile. Lakini kisiwa hicho leo kinaitwa Anticosti, jina linaloaminika kutokana na lugha za wenyeji. La Bikira Maria limefutika, na la shemasi wa Roma limemeza mto mzima, unaoanzia Ziwa Ontario na kwenda zaidi ya kilomita 1,000 hadi baharini.

Majira ya baridi ya mwaka 1535 kuingia 1536 wanaume wa Cartier waliugua kiseyeye karibu na Stadacona, mahali ulipo mji wa Quebec sasa. Watu 25 katika takriban 110 walikufa. Aliyewaokoa waliosalia alikuwa Domagaya, aliyewafundisha kuchemsha majani na magome ya mti ulioitwa annedda. Walikunywa, wakapona. Mwezi Mei Cartier aliwakamata kwa hila Donnacona, wanawe hao wawili na wengine, jumla yao watu kumi, akawapakia merikebuni. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwao. Aliporejea mwaka 1541, wote walikuwa wamekwisha kufa huko Ufaransa isipokuwa msichana mmoja.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu hupenda kusema kwamba majina ya mahali ni jambo dogo, mapambo tu ya ramani. Mimi nakataa. Champlain alipopanda mto huo mwaka 1603, vijiji vya Stadacona na Hochelaga havikuwapo tena. Wanahistoria wanataja vita na maradhi. Vyovyote ilivyokuwa, watu waliokuwa wakiuita mto huo kwa lugha ile hawakuwapo kuendelea kuuita. Mwaka 1608 Wafaransa wakajenga Quebec, na mapadri wakaja na madaftari ya ubatizo. Kila parokia ilipewa somo, na kila kijiji kikachukua jina la parokia, hata ukipita kando ya mto huo leo unavuka vijiji kana kwamba unasoma litania ya watakatifu wote. Jina likashika mizizi kwa sababu watoto walizaliwa ndani yake na wazee wakazikwa ndani yake.

Sasa tuje upande wetu, maana Laurenti mwingine alikuwa jirani yetu kabisa. Kisiwa alichokiona Diogo Dias ni Madagaska. Ramani za Ulaya ziliendelea kukiandika São Lourenço kwa miaka mingi. Wafaransa nao katika karne ya 17 wakajaribu kukiita kisiwa cha Dauphin, yaani mrithi wa kiti chao cha ufalme. Waswahili walikiita Bukini, na watu wake Wabuki. Wafanyabiashara wa pwani yetu walikuwa na makazi kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho tangu kabla ya Mreno yeyote kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo siku Dias alipoandika katika daftari lake kwamba amegundua kisiwa, kulikuwa na Waislamu wa pwani wanaoswali, wanaouza na kununua ng'ambo ya pili ya kisiwa hichohicho. Jina la São Lourenço lilikufa. Na lilikufa kwa sababu inayoeleweka, kwamba wenyewe walikuwapo, tena kwa maelfu, wakiwa na falme zao. Mwaka 1817 Waingereza walipoandikiana mkataba na Radama wa Kwanza, walimtambua kuwa mfalme wa Madagaska. Hilo nalo ni jina lililotoka kwa wageni, naam, lakini dola ya wenyeji ililichukua na kulifanya lake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwezi Aprili 1498 msafara wa Vasco da Gama ulikuwa ukipanda kuelekea Mombasa. Merikebu yao moja, São Rafael, ikapanda mwambani karibu na Mtangata, kusini kidogo ya Tanga, upande wa Tongoni. Walisubiri maji yajae, ikaelea tena. Wareno wakaubatiza mwamba huo jina la São Rafael, na milima mirefu waliyoiona nyuma ya pwani wakaiita vilevile, Milima ya São Rafael. Mwezi Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa kiseyeye, hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu zote. Wakaichoma moto São Rafael katika eneo hilohilo.

Muulize mtu wa Lushoto leo kama anaishi kwenye Milima ya Mtakatifu Rafaeli, atakushangaa. Ni Usambara. Washambaa walikuwa juu huko, hawakujua kwamba kuna mtu baharini anawapa jina jipya, na hata wangejua wasingejali. Chini pwani palikuwa na miji yenye misikiti ya mawe, yenye biashara inayofika Gujarati, yenye watu wanaojua kuandika. Nahodha Mreno aliyetaka maji, mbuzi au rubani wa kumvusha hadi India ilimbidi aulize kwa majina ambayo wenyeji wanayajua. Ukisema São Rafael bandarini Malindi, nani atakuelewa? Hata huko Kilwa, ambako walijenga ngome ya Santiago mwaka 1505, hawakukaa hata miaka kumi. Mwaka 1512 waliondoka na jina lao likaenda nao.

Mtu anaweza kunikumbusha Fort Jesus ya Mombasa. Ni kweli, jina lile limedumu tangu mwaka 1593, na lilidumu hata baada ya Waomani kuitwaa ngome mwaka 1698. Lakini ile ni ngome. Waliijenga wao, wakaipa jina wao, na haikuwa na jina kabla ya wao. Sina ugomvi na fundi anayekipa jina alichokijenga. Ugomvi wangu ni na anayekuta mto, mlima au kisiwa chenye watu, akaandika kana kwamba amekuta ukurasa mtupu.

Nimesema mtakatifu mmoja anaweza kugawanywa mahali pengi, na hilo lina usumbufu wake wa kawaida. Huko huko Canada, Champlain alifika kwenye mdomo wa mto mwingine tarehe 24 Juni 1604, siku ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji, akauita Saint-Jean. Mto wenyewe kwa Wawolastoqey ni Wolastoq. Mji ulio mdomoni mwake unaitwa Saint John. Mji mkuu wa Newfoundland, ng'ambo ya ghuba, unaitwa St. John's. Wageni wanaichanganya miji hii kila mara, na kuna wasafiri waliowahi kushuka kwenye uwanja wa ndege usio wao. Hayo yanavumilika. Kinachonisikitisha ni kwamba Wolastoq ni moja tu duniani. Jina lile lisingemchanganya mtu yeyote.

Turudi kwenye mto wa Laurenti, kwa sababu mambo hayakuishia kwenye karne ya 16. Wanafunzi wengi wa Kenya wanaufahamu, maana somo la jiografia la sekondari limeufundisha kwa miaka mingi: Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, mifereji, milango ya maji inayopandisha meli hatua kwa hatua, Mfereji wa Welland unaokwepa maporomoko ya Niagara, umeme, nafaka na chuma. Njia hiyo ya meli ilifunguliwa mwaka 1959, Malkia Elizabeth wa Pili na Rais Eisenhower wakihudhuria. Mwanafunzi anaandika faida sita, anaandika matatizo manne, barafu ya majira ya baridi ikiwemo, anapata alama zake.

Ambalo halimo kwenye majibu hayo ni kwamba tarehe 1 Julai 1958 maji yaliachiwa makusudi yafunike vijiji kadhaa upande wa Ontario, na zaidi ya watu 6,000 walikuwa wamehamishwa. Wala halimo kwamba Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montréal, walinyang'anywa ardhi ya kando ya mto ili mfereji upite, hata mji uliokaa na mto kwa vizazi ukatenganishwa nao. Wa Akwesasne nao, ambao nchi yao imekatwa na mpaka wa Canada na Marekani palepale mtoni, walipoteza ardhi na uvuvi wao ukaharibika. Hao ndio waliokuwa bado wanauita Kaniatarowanenneh. Jina lao lilikuwa limeshaondolewa kwenye ramani zamani. Safari hii wakaondolewa wao kwenye ukingo.

Na hapa ndipo napomkumbuka Laurenti mwenyewe. Mapokeo yanasema alikuwa mtunza mali wa Kanisa la Roma, na mtawala alipomwamuru alete hazina yote, aliomba siku chache, akagawa kilichokuwapo, kisha akaja na maskini, vilema na wajane, akasema hazina ya Kanisa ni hawa. Kwa hilo akauawa. Sioni kama anaheshimiwa pale jina lake linapofunika watu wa namna hiyohiyo aliowaita hazina. Nasema hivi nikiwa na heshima kamili kwa Wakanada wanaozungumza Kifaransa. Wao waliishi kando ya mto huo, wakashindwa vita na Waingereza mwaka 1759, na majina ya watakatifu yakawa ngao ya lugha yao na imani yao. Miaka zaidi ya 400 si ugeni. Saint-Laurent ni jina lao la haki, na sitaki lifutwe.

Ninachokitaka ni kuona majina yote mawili yakiandikwa, la wenyeji likitangulia, kwenye ramani, kwenye vibao na kwenye vitabu vya shule, vya kwetu vikiwemo. Kitabu cha jiografia kinachochapishwa Nairobi au Dar es Salaam hakihitaji ruhusa ya Ottawa kuandika Kaniatarowanenneh kabla ya St. Lawrence. Kingeweza kufanya hivyo katika toleo lijalo. Afrika Kusini waliweza: hifadhi ya ardhi oevu ya Mtakatifu Lusia, kwenye pwani ya KwaZulu-Natal, ilipewa jina la iSimangaliso mwaka 2007, na watalii hawakupotea njia.

Pamoja na hayo, kubadilisha kibao peke yake hakurudishi samaki. Kwenye kile kisiwa cha tatu, cha Bering, Wayupik wanakiita Sivuqaq. Sheria ya Marekani ya mwaka 1971 kuhusu ardhi ya wenyeji wa Alaska ilipopitishwa, vijiji viwili vya kisiwa hicho, Gambell na Savoonga, viliacha mgawo wa fedha vikachagua hatimiliki ya ardhi. Ramani bado zinaandika St. Lawrence Island, lakini ardhi ni ya watu wake. Na kwenye ufuko wa kaskazini wa ghuba kuu, katika pwani ileile ya Quebec aliyoipita Cartier, unashuka mto ambao ramani zinauita Magpie na Wainnu wanauita Muteshekau-shipu. Mwezi Februari 2021 baraza la Wainnu wa Ekuanitshit na halmashauri ya Minganie waliutangaza kuwa na hadhi ya mtu mbele ya sheria, wenye haki ya kutiririka, haki ya kutochafuliwa, na haki ya kwenda mahakamani kupitia walezi wake. Wainnu hawakungoja ramani ibadilishwe kwanza.